Miezi saba na nyota tano: jibu kwa mama anayetaka kumpeleka mwanawe ufukweni Zanzibar

Swali: Shikamoo daktari. Naishi Dodoma, nina mtoto wa kwanza, wa kike. Ikifika mwezi wa nane atakuwa na miezi saba. Ananyonya na ameanza kula kidogo kidogo. Mume wangu anataka tukasherehekee ndoa yetu Zanzibar, siku tano kwenye hoteli ya nyota tano, vila inayotazama bahari na yenye bwawa lake. Ameniambia nichague mwezi wa nane au Desemba. Mama mkwe hataki hata kusikia, anasema upepo wa bahari utamletea mtoto nimonia. Bado hatujalipa. Tumpeleke, tumwache kwa bibi yake, au tusubiri akue? Na kama ni kwenda, nijiandae vipi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera ya mtoto na ya ndoa.

Mpelekeni, na mwende mwezi wa nane. Desemba atakuwa na miezi 11, anatambaa kwa kasi, anashika meza na kujivuta asimame, na kila anachokiona anakitaka. Miezi saba bado ni umri wa kumlaza kwenye mkeka na kumkuta karibu na hapo ulipomwacha. Chakula chake kikuu unatembea nacho, hakitaki friji wala kuchemshwa. Kumwacha kwa bibi siku tano sikushauri. Bibi anaweza kabisa kumlea, lakini wewe matiti yatajaa kuanzia usiku wa kwanza, na mapumziko yote yatageuka kuwa shughuli ya kukamua. Kusubiri akue nako hakusaidii sana: mtoto wa mwaka mmoja na nusu ufukweni ni kazi ngumu kuliko huyu.

Ninachokataa ni hiyo vila yenye bwawa.

Hoteli nyingi za kifahari za Zanzibar zimejengwa kwa ajili ya maharusi. Mlango wa kioo wa chumba cha kulala unafunguka, hatua mbili tatu, maji. Hakuna uzio, maana uzio unaharibu picha. Bafu liko nje, ngazi ni za mawe ya matumbawe yenye kingo kali, kitanda kiko juu kama jukwaa. Kwa watu wawili ni raha tupu. Kwa mtoto ambaye anaweza kuanza kutambaa Jumanne wakati mlifika Jumatatu, ni jambo jingine. Na watoto hawazami kwa kelele na kurusha mikono. Mtoto mchanga huzama kimya, kwenye maji yasiyofika hata goti lako, katika muda wa mtu kwenda kujibu simu. Kwa hiyo muulizeni mhusika wa hoteli swali moja tu: bwawa la vila lina uzio pande zote na lango linalojifunga lenyewe? Akianza kuzunguka zunguka, mmeshajibiwa.

Chukueni chumba cha chini, cha bustanini, safu ya pili kutoka baharini. Mara nyingi ni rahisi kuliko vila ya mbele, kina miti, na upepo wa kusi haukipigi moja kwa moja. Ile tofauti ya bei ndiyo mtakayolipia ndege badala ya boti, na chakula anachopikiwa mtoto peke yake. Ulizeni pia kama hoteli inapokea watoto. Zipo zinazopokea watu wazima tu, na wengine hugundua hilo wakiwa wameshalipa arbuni.

Mwezi wa nane nimeuchagua kwa sababu ya hali ya hewa vilevile. Ni msimu wa kusi: mvua kidogo, joto la mchana halizidi sana nyuzi 28 au 29, usiku kuna ubaridi wa kupendeza. Desemba kaskazi ndiyo inaanza, vuli imetoka kunyesha, jasho halikauki na mbu wamezaliana kwenye kila kifuu chenye maji. Tena Krismasi na mwaka mpya bei hupanda. Ubaya wa mwezi wa nane ni kwamba bahari nayo imepoa, iko kwenye nyuzi 25 au 26, na mabwawa mengi ya hoteli hayapashwi moto. Wewe utasema maji mazuri, lakini mtoto hupoteza joto upesi. Dakika kumi zinamtosha. Midomo ikibadilika rangi au akianza kutetemeka, mtoe, mfute, mkumbatie kifuani.

Sasa ufukwe gani. Hapa ndipo watu wa bara hukosea, kwa sababu picha zote zinafanana. Pwani ya mashariki, yaani Matemwe, Pwani Mchangani, Kiwengwa, Bwejuu, Paje, Jambiani, ina mwamba mrefu mbali na ufukwe, na ndani ya mwamba maji ni haba. Yanapokupwa, bahari inaondoka kweli kweli. Unaamka, unafungua pazia, unaona mchanga, mashamba ya mwani na akina mama wakiinama kazini, na maji yako kule mbali kama mstari. Kuyafuata na mtoto mgongoni ni mwendo mrefu juani, juu ya mawe na wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi inayokatikia kwenye unyayo. Nungwi na Kendwa, upande wa kaskazini magharibi, maji hayaendi mbali kiasi hicho, mnaweza kuingia karibu saa yoyote. Mwezi wa nane kusi inapiga zaidi kusini mashariki, na ndiyo maana Paje na Jambiani zimejaa watu wa kuteleza juu ya maji wakivutwa na tiara. Kendwa kumekingwa.

Kuna kingine ambacho tangazo la hoteli haliandiki: jua liko upande gani saa ambazo mtoto yuko macho. Kendwa inatazama magharibi. Asubuhi jua linatokea nyuma ya majengo na minazi, na ufukwe unabaki na kivuli kwa muda mzuri. Mtoto wako anaamka saa kumi na mbili, sivyo? Basi saa moja mpaka saa tatu asubuhi ufukwe ni wenu, hakuna hata wa kuwasalimia. Jioni ni kinyume, jua linakuja usoni mpaka linapozama. Mashariki mambo yamegeuka: asubuhi linachoma, alasiri kivuli cha minazi kinatambaa kuelekea majini.

Kama mume wako ameshaipenda hoteli ya mashariki, basi pangeni tarehe kwa mwezi wa angani. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni za bamvua: maji hukauka kabisa mnamo saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa saa kumi na saa kumi na moja jioni, ufukwe ukiwa umeshapata kivuli. Kwa mtoto hapo ni pazuri sana, maji ya uvuguvugu yanafika karibu na mkeka wenu. Wiki inayofuata, wakati wa maji mafu, saa zinageuka, maji yanajaa asubuhi na kupwa alasiri, ingawa hayaendi mbali kama siku za bamvua. Kila siku saa husogea mbele karibu dakika 50, kwa hiyo msikariri, waulizeni wavuvi au mapokezi. Na kama ni Kendwa, jueni kwamba karibu na mwezi mpevu huwa kuna sherehe ya muziki usiku kucha. Ombeni chumba cha mbali nayo au kwepeni siku hizo.

Mama mkwe umjibu kwa adabu, maana nusu ya anachosema ni kweli. Nimonia huletwa na vijidudu. Upepo hauna vijidudu, mwenye navyo ni mgeni mwenye mafua anayembusu mtoto mkononi na mdomoni. Lakini mtoto aliyelowa kisha akaachwa kwenye upepo wa kusi anapoa haraka, na hilo yeye ameliona kwa macho. Mwambie utabeba taulo mbili na nguo kavu kila mnapokwenda majini. Na kama mfuko unaruhusu, mchukueni. Nasema kweli: chumba kimoja cha ziada cha bibi kitawapa nyinyi wawili mlo wa jioni kwa amani, na yaya wa hoteli, hata awe mwema vipi, mtoto hamjui.

Kuhusu jua. Zanzibar iko nyuzi 6 tu kusini ya Ikweta, jua lake halina mchezo, na ngozi nyeusi ya mtoto nayo huungua, ila wekundu hauonekani upesi. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri mtoto asiwe ufukweni. Saa hizo ni za kulala, kunyonya na kucheza kibarazani. Kwa kuwa amevuka miezi sita, unaweza kumpaka mafuta ya kukinga jua usoni na miguuni, yale yenye zinki oksaidi, SPF 30 au zaidi. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono ukiwa bado Dodoma. Lakini kinga yenyewe ni kofia ya ukingo mpana, nguo nyepesi ya mikono mirefu, na kivuli. Mwavuli wa ufukweni peke yake hautoshi, mwanga unaruka kutoka kwenye mchanga mweupe na kumpiga usoni.

Kigari cha magurudumu kiacheni nyumbani, kwenye mchanga hakiendi. Chukua mbeleko au kanga zako. Na kanga hiyo hiyo usiitandaze juu ya kitanda au kigari cha mtoto ili kumkinga jua. Naliona hili kila msimu, mama amefunika vizuri kabisa, anadhani amempa kivuli. Ingiza mkono ndani ya hicho kibanda uone: hewa haipiti, joto linapanda, mtoto amelowa kisogoni. Akiwa mgongoni mwako pia mguse shingo mara kwa mara, maana joto lako na lake yanajumlishana.

Mbu. Zanzibar imepunguza malaria sana, na kwa mtoto anayeishi Dodoma mimi simwandikii dawa ya kuzuia malaria kwa safari hii. Natilia mkazo chandarua. Mkifika, kabla hujatoa nguo kwenye begi, nyanyua pindo la kile chandarua cheupe kizuri kilichofungwa utepe juu ya kitanda. Kikiwa kinaishia hewani bila kuingia chini ya godoro, hicho ni pambo. Kitanda cha mtoto wanachokuletea mara nyingi hakina chandarua kabisa, kwa hiyo beba kile kidogo cha mwavuli kinachokunjwa. Kitanda hicho kiwe na godoro gumu lisilozama, bila mito wala mashuka ya mapambo. Ulizeni pia kuhusu paa. Makuti matupu bila dari yanapendeza, lakini mbu wanaingia, vumbi linadondoka, na kiyoyozi kinapoza anga. Chumba chenye dari kikiwekwa nyuzi 25 au 26 kinamtosha.

Mbu wa homa ya dengi huuma mchana, na hupenda vyungu vya maua na vidimbwi vya mapambo, vitu ambavyo hoteli za kifahari zinavyo kwa wingi. Dawa ya kupaka yenye deet ya asilimia 20 hadi 30 unaweza kuitumia kwa umri wake, safu nyembamba, mara moja kwa siku, juu ya ngozi iliyo wazi tu. Weka viganjani mwako kwanza ndipo umpake, na usiguse vidole vyake, kwa sababu vyote vinaishia mdomoni. Zile za mafuta ya mkaratusi wa limau hazifai kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, hata kama chupa imeandikwa ni za asili. Dawa ya mbu ya kuchoma isiwashwe chumbani alimolala.

Maji na chakula havina mengi. Endelea kumnyonyesha, na mara nyingi zaidi ya kawaida, kwa sababu ya joto. Wewe mwenyewe ndiye wa kunywa maji ya kutosha. Maji kidogo kwa kikombe anaweza kupata, yawe ya chupa au yaliyochemshwa. Visima vingi vya pwani ya mashariki vina chumvi, na kuchemsha kunaua vijidudu tu, chumvi inabaki. Kwa hiyo usimpikie uji kwa maji ya bomba la hoteli. Anayetumia maziwa ya kopo achanganye na maji yaliyochemshwa ambayo bado ni moto wa nyuzi 70, ayapooze, na yakipita saa mbili ayamwage. Jikoni waambieni siku moja kabla: boga, viazi vitamu, ndizi, yai lililoiva, samaki mkubwa aliyechambuliwa miiba, bila chumvi. Wapishi wa Zanzibar wanapenda watoto, hawatawakatalia. Chakula kilichokaa mezani tangu saa moja kiacheni kwa wakubwa. Asali hapana mpaka atimize mwaka, juisi pia. Dafu kidogo la kuonja halimdhuru, ila akiharisha dafu si dawa.

Mchanga utamwingia kila mahali. Mlaze kwenye mkeka, mbali na mahali mbwa wanapozurura, maana kinyesi chao huacha minyoo midogo inayotambaa chini ya ngozi na kuacha mstari unaowasha. Mkitoka tu baharini muogeshe maji baridi yasiyo na chumvi na umbadilishe nepi. Nepi yenye mchanga na maji ya chumvi inamchubua kwa nusu saa, kisha usiku mzima hamlali.

Safari yenyewe. Treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imerahisisha mambo. Pandeni ya asubuhi, mlale Dar usiku mmoja, kesho mvuke. Boti ya kasi huchukua karibu saa mbili, ndege dakika kama ishirini. Mwezi wa nane mkondo wa Zanzibar una mawimbi. Watoto wa chini ya miaka miwili mara chache huchafukwa na bahari, wanaochafukwa ni mama zao, na mama anayetapika hawezi kushika mtoto. Ukijijua wewe ni wa kuchafukwa, pandeni ndege. Inapopaa na inaposhuka mnyonyeshe, kumeza kunafungua masikio. Beba cheti chake cha kuzaliwa. Kutoka uwanja wa ndege mpaka Kendwa ni zaidi ya saa moja kwa gari, na gari za hoteli nyingi hazina kiti cha mtoto. Bebeni chenu, kifungwe nyuma, uso wa mtoto ukielekea nyuma ya gari. Kumpakata kiti cha mbele hapana, hata kama dereva ni mwangalifu.

Kwenye begi la dawa weka kipimajoto, sirapu ya parasetamo, pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha) na vidonge vya zinki. Parasetamo ni kwa uzito: kilo 8 ni miligramu 80 hadi 120, kila baada ya saa sita, zisizidi mara nne kwa siku. Soma chupa ina miligramu ngapi kwenye mililita 5. Akiharisha, ORS kijiko baada ya kijiko, zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na kunyonya kuendelee. Kadi ya kliniki usiisahau. Chanjo ya surua na rubella hutolewa kwa miezi 9 na 18, kwa hiyo mwezi wa nane atakuwa bado hajaipata. Kukiwa na mlipuko uliotangazwa, uliza kliniki kabla ya safari kama anaweza kupewa dozi ya mapema.

Kabla ya kulala usiku wa kwanza, ulizeni mapokezi gari la dharura linapatikana vipi usiku, na bima yenu inapokelewa wapi. Kaskazini kuna hospitali ya Kivunge, kusini Makunduchi, na ya rufaa ni Mnazi Mmoja mjini. Mtoto akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea asiamshike vizuri, akishikwa na degedege, au nepi ikikaa kavu saa sita, msingoje daktari wa hoteli apigiwe simu asubuhi. Homa apimwe malaria siku hiyo hiyo, na ikimtokea ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, mwambieni mhudumu wa Dodoma kwamba mlisafiri.

La mwisho ni la mume wako. Kabla hajalipa aombe bei ya wakazi, hoteli nyingi zinayo hata kama mtandaoni wameweka ya dola peke yake. Aombe pia kwa maandishi sharti la kuhamisha tarehe bila faini endapo mtoto ataugua. Hoteli isiyokubali hilo kwa familia yenye mtoto mchanga, tafuteni nyingine; kati ya Nungwi na Kendwa hazikosekani.